Unampeleka mwanao kusoma nchi ya theluji? Mfundishe kwanza kupangusa khufu

SIFA zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote, Aliyeumba joto na baridi, usiku na mchana, na Akayajaalia yote hayo kuwa ishara kwa wenye akili. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, Maswahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu msomaji, wiki chache zilizopita, baada ya sala ya Ijumaa, mzee mmoja alinisubiri nje ya msikiti. Kijana wake amemaliza kidato cha sita, na amepata nafasi ya kusoma katika chuo kimoja mjini Winnipeg, nchini Canada. Badala ya furaha, mzee alikuwa na wasiwasi.

"Ustadhi," akaniambia, "nimesikia huko mate yanaganda kabla hayajafika chini. Huyu ni mtoto wa Pangani, hata Lushoto hajawahi kulala. Ataiweza baridi hiyo, au nimwambie asubiri apate chuo kwenye joto?"

Mzee hakukosea kuuliza. Wastani wa baridi ya mwezi Januari mjini Winnipeg ni karibu nyuzi 16 chini ya sifuri. Hata barafu tunayotengeneza kwenye friji kwa ajili ya kuuza haihitaji ubaridi wote huo ili igande. Lakini sikumjibu palepale. Nilimwomba anipe siku mbili, kwa sababu swali lake lilinikumbusha kijana mwingine, mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye mimi mwalimu wake nina deni naye.

"Niliiacha kwa sababu ya miguu"

Kijana huyo alikwenda Marekani mwaka 2018 kusoma katika mji wa Minneapolis, jimbo la Minnesota. Huo ni mmoja kati ya miji mikubwa yenye baridi kali zaidi nchini humo. Alifika mwishoni mwa Agosti, jua linawaka, akaandika nyumbani kwamba hali ya hewa ni kama ya Arusha. Miezi mitano baadaye, tarehe 30 Januari 2019, kipimo cha joto mjini hapo kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, na shule na vyuo vikafungwa.

Alipohitimu na kurudi nyumbani alikuja kunisalimia shuleni. Tukakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu. Baada ya habari za huku na huko akainamisha kichwa, akasema, "Ustadhi, nina jambo sijamwambia hata baba. Mwaka wangu wa kwanza kule niliacha sala. Karibu miezi mitatu sikusali hata rakaa moja."

Nilijiandaa kusikia habari za pombe, wasichana au marafiki wabaya, kwa sababu ndivyo sisi wazazi na walimu tunavyodhani. Akatikisa kichwa. "Sikuiacha kwa kuasi, Ustadhi. Niliiacha kwa sababu ya miguu."

Akanieleza. Adhuhuri ilimkuta chuoni kati ya vipindi. Ili atie udhu ilimbidi avue buti refu, avue soksi mbili, anyanyue mguu mpaka kwenye sinki la kunawia mikono katika choo cha watu wote, huku watu wakiingia na kutoka wakimtazama. Maji yakamwagika sakafuni. Kisha arudishe mguu mbichi ndani ya soksi na atoke nje kwenye theluji. Siku ya kwanza alifanya hivyo na vidole vikamuuma mpaka akalia. Siku ya pili akaamua bora asali akirudi bwenini. Lakini alikuwa akirudi saa 11 jioni, na kule mwezi Desemba Magharibi inaingia kabla ya saa 11. Kwa hiyo Adhuhuri na Alasiri zikawa zimempita kila siku. Akawa analipa usiku. Kisha usiku ana masomo, akasema atalipa Jumamosi. Jumamosi deni likawa kubwa, akaona haya hata kulianza. Mwezi Februari alikuwa hasali kabisa. Na kila alipopiga simu nyumbani, mama yake akimuuliza, "Unasali, mwanangu?" alijibu, "Nasali, mama." Anasema jibu hilo ndilo lililokuwa likimchoma kuliko baridi.

Ndugu msomaji, hapo ndipo niliposhika kichwa. Kijana huyu nilimfundisha mimi Maarifa ya Uislamu. Katika mtihani wa majaribio wa kidato cha nne kulikuwa na swali linalotaka masharti ya kupangusa juu ya khufu, yaani soksi za ngozi, na alilijibu vizuri, akapata alama zote. Nikamuuliza, "Mbona ulikuwa unaijua ruhusa hii?" Akanijibu kwa adabu, na jibu lake sijalisahau mpaka leo: "Nilidhani khufu ni vitu vya Waarabu wa zamani, Ustadhi. Sikujua kama ni soksi."

Hakuwa na kosa. Mimi nilisimama ubaoni, nikaandika moja mpaka tano, wakanakili. Sikuwahi kuingia darasani na khufu mkononi. Sikuwa nazo. Nilikuwa nafundisha ruhusa ya Allah (S.W.) kana kwamba ni habari ya makumbusho.

Baridi haikuanza na sisi

Kabla ya kurudi kwa kijana huyu, tuondoe kwanza dhana kwamba nchi za baridi si za Waislamu. Wengi tukizungumzia safari ya kutafuta elimu tunakimbilia ile kauli mashuhuri ya kuitafuta hadi China, na wanachuoni wa hadithi wamesema kauli hiyo haikuthibiti kwa Mtume (S.A.W.). Hatuihitaji. Tunayo hadithi sahihi iliyopokewa na Imam Muslim, inayotufahamisha kwamba anayeshika njia kutafuta elimu, Allah (S.W.) humrahisishia kwayo njia ya kwenda Peponi. Haikusemwa humo kwamba njia hiyo iwe na joto. Na katika Suratul Quraysh, Allah (S.W.) anawakumbusha Makureshi neema ya kuzoeshwa safari zao mbili, ya majira ya baridi na ya majira ya joto. Kumbe kuyazoea majira ni neema ya kushukuriwa, na shukrani yake imetajwa hapohapo, nayo ni kumwabudu Mola wa Nyumba hiyo.

Tumtazame Ibn Battuta. Mwaka 1331 alipita katika pwani yetu, akafika Mombasa na Kilwa. Katika mambo aliyoyaeleza kuhusu watu wa Mombasa ni kwamba mlangoni mwa msikiti waliweka maji na mkeka mnene, na kila aingiaye huosha miguu yake na kuifuta hapo. Miaka michache baadaye msafiri huyohuyo alijikuta katika nyika za kaskazini, akielekea mji wa Saray ulioko karibu na mto Volga. Anasimulia kwamba alivaa makoti matatu ya manyoya na suruali mbili, na viatu juu ya viatu, mpaka akashindwa kupanda farasi bila kusaidiwa. Alitawadha kwa maji ya moto karibu kabisa na moto, na maji yaliyotiririka kwenye ndevu zake yakaganda. Pamoja na hayo hakusema udhu umemshinda. Macho yaleyale yaliyoona miguu ya babu zetu ikioshwa Mombasa ndiyo yaliyoona maji yakigeuka barafu, na dini ikawa ni ileile.

Huko Amerika nako Waislamu wa baridi si wa jana. Wakulima waliotoka Sham walijenga msikiti mdogo Ross, katika jimbo la North Dakota, mwaka 1929. Msikiti wa Al Rashid mjini Edmonton, Canada, ulifunguliwa mwaka 1938. Mwaka 2010 Waislamu wa Canada walijenga msikiti mjini Winnipeg, wakaupakia kwenye lori, kisha kwenye tishari, ukasafirishwa yapata kilomita 4,000 hadi Inuvik, mji ulioko kaskazini ya mstari wa Aktiki, ambako kwa takriban mwezi mmoja wa kipupwe jua halichomozi kabisa. Na jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu wa Marekani na Canada, MSA, iliundwa Januari 1963 katika Chuo Kikuu cha Illinois. Zingatia mwezi huo. Ni vijana waliotoka nchi za joto, wakakutana katikati ya baridi. Hawakungoja majira ya maua.

Fiqhi ya baridi

Sasa turudi kwenye miguu. Dini hii imeteremshwa na Anayejua hali za waja wake, na kwa baridi ameweka ruhusa zilizo wazi. Mwanafunzi anayesafiri azijue kabla hajapanda ndege.

Kwanza ni khufu. Mtume (S.A.W.) alipangusa juu ya khufu zake, na habari hizo zimepokewa na Maswahaba wengi mno. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa pwani, masharti yake kwa ufupi ni haya: uzivae baada ya kukamilisha udhu pamoja na kuosha miguu, ziwe zimefunika mguu mpaka juu ya vifundo, ziwe tohara, ziwe ngumu kiasi cha kuweza kutembelewa na zisipenyeze maji kirahisi. Mkazi hupangusa kwa muda wa mchana mmoja na usiku wake, na msafiri siku tatu na nyusiku zake. Muda huhesabiwa tangu udhu unapotenguka mara ya kwanza baada ya kuzivaa. Unalowesha mkono na kupangusa juu ya khufu, basi. Ukizivua, au muda ukiisha, ruhusa imekoma. Na ruhusa hii ni ya udhu tu. Mwenye janaba lazima aoge.

Ebu ndugu msomaji uiweke katika siku ya mwanafunzi. Anaamka Alfajiri bwenini, anatia udhu kamili kwa maji ya uvuguvugu, anaosha miguu, anaikausha vizuri, anavaa khufu zake, kisha buti juu yake. Adhuhuri ikimkuta chuoni anaosha mikono, uso na mikono mpaka viwikoni, anapaka maji kichwani, kisha anavua buti na kupangusa juu ya khufu kwa mkono mbichi. Mguu haukupanda kwenye sinki, sakafu haikulowa, kidole hakikuguswa na maji. Vivyo hivyo Alasiri, Magharibi na Ishaa. Lile lililomwangusha kijana wangu lilikuwa na dawa yake, miaka elfu moja na mia nne na zaidi.

Kuhusu soksi za kawaida za pamba au sufu, wanachuoni wametofautiana. Wapo walioruhusu kupangusa juu ya soksi nzito, wakiwemo Mahanbali, na Mashafii wamezishurutisha ziweze kutembelewa na kuzuia maji. Kwa hiyo aliye na uwezo anunue za ngozi, atoke katika hitilafu. Fundi viatu wa mtaani anaweza kuzishona kwa ngozi laini.

Pili ni maji yenyewe. Hapa tuna dhana potofu. Tunadhani mwanafunzi wa Winnipeg anatawadha kwa maji ya barafu. La hasha. Katika majengo ya huko bomba la maji ya moto ni jambo la kawaida, na nyumba hupashwa joto usiku na mchana. Anayetaabika ni mwanafunzi wa bweni wa Njombe au Makete, anayeamka Alfajiri mwezi Julai akakuta maji kwenye ndoo yanauma kama sindano. Huyo ndiye mwenye fungu kubwa katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, inayotaja kuukamilisha udhu katika hali ya uzito kuwa miongoni mwa mambo yanayofuta makosa na kuinua daraja. Lakini fadhila hiyo haina maana kwamba mtu aache maji ya moto yaliyopo akajitese makusudi.

Tatu ni tayamamu. Amr bin Al-As (R.A.), katika msafara wa Dhatus-Salasil, mwaka wa 8 Hijria, aliamka na janaba usiku wa baridi kali. Akahofia akioga atakufa, akatayamamu na kuwasalisha wenzake. Mtume (S.A.W.) alipomuuliza, alitoa hoja kwa aya inayokataza watu kujiua nafsi zao, Mtume (S.A.W.) akacheka na hakumkaripia. Basi mwenye kuhofia madhara ya kweli, akawa hana njia ya kupasha maji, ana ruhusa, ingawa Mashafii humtaka ailipe sala hiyo baadaye. Ama mwenye bomba la maji ya moto chumba cha pili, huyo hana udhuru. Ni uvivu wake tu.

Na tujihadhari na upande wa pili pia, wa kuwafanyia watu ugumu. Imepokewa na Abu Daud kwamba mtu mmoja alijeruhiwa kichwani akiwa safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) aliwashutumu vikali, akabainisha kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Ndugu zangu, fatwa ya bila elimu inaweza kuua mwili, na inaweza kuua sala.

Nne, udhu na ngozi. Upepo unapoifanya baridi ihisike nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Kwa hiyo anayetoka nje ajikaushe uso, masikio, ndevu na baina ya vidole. Taulo dogo ndani ya mkoba ni sehemu ya vifaa vya sala kule.

Tano, jamaa na dhoruba. Imesihi kwamba katika usiku wa baridi kali au mvua, Mtume (S.A.W.) alikuwa akimwamuru mwadhini atangaze watu wasali majumbani mwao. Basi siku mamlaka zinapotangaza watu wasitoke, asali chumbani na moyo wake uwe mtulivu. Hiyo nayo ni Sunna.

Saa za sala si za Dar es Salaam

Sisi tuliozoea Magharibi kuingia saa 12 na dakika zake mwaka mzima tunasahau kwamba kule jua lina tabia nyingine. Mjini Minneapolis, katika siku fupi za Desemba, jua huchomoza karibu saa 1 na dakika 48 asubuhi na huzama saa 10 na dakika 34 jioni. Adhuhuri inaingia saa 6 na dakika 10 hivi, Alasiri saa 8 na robo. Yaani kutoka Adhuhuri mpaka Magharibi hazifiki saa tano, na zote zimo ndani ya muda wa masomo. Asiyeliona hilo mapema atapoteza sala mbili kila siku, kama alivyopoteza kijana wangu. Atazame ratiba ya sala ndipo apange vipindi vyake, akijua pia kwamba mwezi Juni mambo yatageuka, Magharibi itaingia baada ya saa 3 usiku.

Lakini baridi ina kheri zake. Alfajiri ya Desemba ni ya saa 12 na ushei, hata mlevi wa usingizi anaiwahi. Usiku ni mrefu kwa mwenye kutaka kisimamo. Mchana ni mfupi kwa mwenye kufunga Sunna, na wema waliotangulia waliuita msimu huo ngawira ya wafanya ibada. Kwa hesabu ya kalenda, mwaka 2030 utakuwa na mianzo miwili ya Ramadhani, mmoja mwanzoni mwa Januari na mwingine mwishoni mwa Desemba. Mwanafunzi atakayekuwa kaskazini mwaka huo atafunga saa chache kuliko sisi.

Na kwa dada zetu wanaoogopa kwamba stara itawafanya waonekane wa ajabu: mwezi Januari kule kila mtu anajistiri. Asiyejua hijabu ni nini anafunika kichwa, masikio na nusu ya uso. Baridi haina mabishano.

Giza la nje na giza la ndani

Kuna jambo ambalo wazazi hawaelezwi. Mwaka 1984 Dk. Norman Rosenthal na wenzake walieleza kitaalamu ugonjwa wa huzuni unaowajia watu kila majira ya giza na baridi. Daktari huyu alizaliwa Afrika Kusini, na alipohamia kaskazini mwa Marekani aliona mwenyewe jinsi nguvu zake zilivyopungua kipupwe na kurudi jua liliporudi. Dalili zake ni kulala kupita kiasi, kukosa hamu ya kazi, kula sana na kujitenga na watu. Miongoni mwa tiba zake ni kukaa asubuhi mbele ya taa maalumu yenye mwanga mkali.

Sasa mtoto akipiga simu akisema amechoka na hana raha, tusikimbilie kumwambia imani yake imepungua. Huenda ni mgonjwa. Mtume (S.A.W.) ametuamuru kutafuta matibabu, na vyuo vingi vya huko vina zahanati na washauri wa wanafunzi. Aende kwa daktari, atoke nje mchana jua likiwepo, na asikae peke yake. Sala ya jamaa nayo inamtoa mtu chumbani mara tano kwa siku; hilo pekee ni tiba kwa mpweke.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuchagua chuo

Nilirudi kwa yule mzee baada ya siku mbili. Nikamwambia, "Mzee wangu, usiulize chuo kina baridi kiasi gani. Uliza haya."

Je, bweni liko wazi wakati wa likizo ya Desemba na Januari? Vyuo vingine hufunga mabweni, na mgeni asiye na ndugu hujikuta na masanduku yake kwenye theluji. Je, gharama ya kupasha nyumba joto imo ndani ya kodi? Je, kutoka bwenini mpaka darasani ni mwendo gani, na kuna njia za ndani? Chuo Kikuu cha Manitoba hapo Winnipeg kina njia za chini ya ardhi zinazounganisha baadhi ya majengo yake, na Minneapolis ina madaraja yaliyofunikwa juu ya barabara, yaliyoanza kujengwa mwaka 1962. Je, chuo kina chumba cha kusalia? Je, ipo jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu, na msikiti wa Ijumaa uko umbali gani? Bima ya afya ikoje? Na viza? Milango ya viza hufunguliwa na kufungwa, wala si Marekani pekee; mtu asilipe ada kabla hajathibitisha ubalozini.

Kuhusu nguo, nikamweleza asiuze shamba. Makoti mazito yamo kwenye marobota ya mitumba, na hapa Dar es Salaam hayana wateja wengi. Anunue moja la kumfikisha, mengine atayapata kule kwenye maduka ya nguo zilizotumika. Muhimu ni kuvaa tabaka juu ya tabaka: ya ndani ikauke upesi isishike jasho, ya kati iwe ya sufu, ya nje izuie upepo. Buti liwe kubwa kidogo, liingie khufu na soksi. Kofia, glovu na skafu si mapambo.

Mzee akauliza, "Na ile sala ya huyo kijana wako, ilirudi vipi?"

Nikamwambia. Ijumaa moja ya mwezi Machi kijana alikuwa akipita mtaa wa Cedar-Riverside, mahali wanapoishi Wasomali wengi. Upepo ukamzidi, akaona msikiti, akaingia ili apate joto tu. Akasimama mahali pa kutawadhia akiyaangalia maji. Mzee mmoja wa Kisomali akamwona anasitasita na buti lake. Hakumhoji, hakumtolea hotuba. Alivua buti lake mwenyewe, akamwonyesha soksi ya ngozi, akalowesha mkono, akapangusa, akatabasamu. Ijumaa iliyofuata akamletea jozi moja. Kijana anazo mpaka leo, na zile sala za miezi mitatu bado anazilipa, kila baada ya faradhi anaongeza ya deni.

Miaka kadhaa baadaye, Aprili 2023, baraza la mji huo wa Minneapolis lilipitisha uamuzi unaoruhusu adhana kutolewa kwa vipaza sauti kwa sala zote tano. Kijana alinitumia ujumbe siku hiyo. Aliandika maneno machache tu: "Ustadhi, wamewasikia wale wazee."

Ndugu msomaji, nimewaza sana juu ya mzee yule nisiyemjua jina. Alichofanya kwa dakika mbili mimi nilikishindwa kwa miaka minne ya darasani. Tangu siku hiyo ninaingia darasani na jozi ya khufu aliyonishonea fundi. Kila mwanafunzi anavaa, anapangusa, anavua. Wanacheka, maana nje joto ni nyuzi 32. Nawaacha wacheke. Sijui ni nani kati yao atakayeamkia kwenye theluji.

Kwa walimu wenzangu nasema: tusiwape watoto masharti matano ya kunakili bila kuwaonyesha kitu chenyewe. Kwa wazazi: mkiwauliza watoto "unasali?" waulizeni pia "unatawadhia wapi?" Swali la pili ndilo linalofungua moyo. Na kwa kijana unayesafiri: ukiangukia katika deni la sala usiseme limekuwa kubwa mno. Anza na sala iliyo mbele yako.

Yule mzee wa Pangani ameridhia. Kijana wake alikuja kwangu Jumapili iliyopita, akafanya mas-hi mbele yangu mara tatu mpaka akapatia. Nikampa khufu zangu aondoke nazo. Fundi ananishonea nyingine.

Tunamuomba Allah (S.W.) awahifadhi vijana wetu walio mbali, aithibitishe miguu yao juu ya dini yake katika joto na baridi, na atukinge sote na joto la Jahanamu na baridi yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.